Inhela nzuri ni ile inayofundishika

Mjadala wetu kuhusu pumu huishia kwenye swali moja: dawa ipo au haipo? Swali ni halali, ila halitoshi. Inhela ni dawa na chombo kwa pamoja, na chombo kikitumiwa vibaya dawa huishia mdomoni na kooni, mapafu yakabaki yamebana vilevile. Katika zahanati ya kata kama Tindiga, wilayani Kilosa, mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni anahitaji inhela anayoweza kuifundisha kwa dakika chache, tena isiyobadilika umbo kila shehena mpya inapofika. Ya kupuliza huvutwa polepole na kwa kina. Ya unga huvutwa kwa nguvu na kwa kasi. Mgonjwa akihamishwa kutoka moja kwenda nyingine bila kuonyeshwa upya, tumemvuruga. Unga nao hauelewani na unyevu wa masika, na mtoto mdogo hana pumzi ya kuuvuta. Kihesabu dozi nacho si anasa: mkebe wa mipulizo 200 huendelea kutoa mvuke hata dawa ikiwa imekwisha, na asiyejua hilo hujitibu kwa hewa tupu.

Watasema vidonge vya salbutamoli ni vya bei nafuu na havihitaji somo. Ni kweli havihitaji. Lakini kidonge cha miligramu 4 kina dawa mara ishirini ya mipulizo miwili ya mikrogramu 100 kila mmoja, na bado hukawia kufanya kazi, huku mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio. Unafuu huo wa bei analipa mgonjwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wengi hushindwa kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Hapo ndipo chemba ya kuvutia dawa inapohitajika, na kukosa ya dukani si kisingizio. Mwaka 1999 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya watoto wenye pumu: chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri kuizunguka inhela, ilifungua kifua sawa na chemba ya kiwandani. Kikombe cha polistireni, kilichojaribiwa pia kama chemba, ndicho kilichofanya vibaya. Chupa haitachukua nafasi ya dawa ya steroidi inayozuia uvimbe, ambayo nayo lazima iwepo rafuni, lakini inaweza kuanza kutumika wakati zabuni za chemba zikisubiriwa.