Upanga wa Sunny sebuleni kwetu



Wiki tatu zilizopita niliitaja kwa mistari miwili tu tamthilia ya Kimarekani iitwayo Into the Badlands, nikasema kwamba mapambano yake ni mazuri kupita kiasi kwa nyumba yenye watoto. Sikutarajia mistari ile ingeniletea ujumbe mwingi kuliko makala nzima niliyoandika juu ya mahari. Vijana wamekuja juu. Akina mama nao wamekuja, lakini kwa upande mwingine. Leo nimeona niwasikilize wote, kisha niseme langu.

Kwa asiyeifahamu, tamthilia hii ilianza kuonyeshwa na chaneli ya AMC mnamo Novemba 2015 na ikafikia tamati Mei 2019, misimu mitatu yenye jumla ya sehemu 32. Inasimulia dunia ya baadaye, baada ya vita vilivyoangusha ustaarabu tunaoujua. Bunduki zimepigwa marufuku. Nchi imegawanywa miongoni mwa mabwana wachache waitwao mabaroni: mmoja ana mashamba ya afyuni, mwingine visima vya mafuta. Wanyonge wanalima bila ujira ili wapate ulinzi, na juu yao wamewekwa askari wa panga ambao hawaruhusiwi kuoa wala kupata mtoto. Sunny ni mkuu wa askari hao, amelelewa tangu utotoni na bwana wake Quinn, na mgongoni amechanjwa alama moja kwa kila mtu aliyemuua. Alama hizo ni mamia.

Vijana wanasema hakuna mapambano ya runinga yaliyofikia haya. Katika hili sina ubishi nao. Yalisimamiwa na mabingwa kutoka Hong Kong, Stephen Fung na Ku Huen-chiu, na kulikuwa na kundi zima la wapigapicha lililorekodi mapambano peke yake wakati kundi jingine likirekodi mazungumzo. Waigizaji walipelekwa kambini kujifunza kabla kamera hazijawashwa. Ndiyo maana unaona mwili mzima wa mpiganaji, unaona mguu unakotoka na unakotua, wala hukatiwi picha kila nusu sekunde kama ilivyo desturi ya filamu nyingi za Marekani. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua tofauti hiyo hata tukiwa tumesinzia.

Kijana mmoja wa chuo ameniandikia jambo ambalo sikuwa nimelizingatia vya kutosha. Anasema thamani ya tamthilia hii haimo kwenye panga, imo kwenye uso wa aliyeshika upanga. Daniel Wu, anayeigiza Sunny, ni Mmarekani mwenye asili ya Kichina aliyejipatia jina Hong Kong. Aliingia katika mradi huu akikusudia kuwa mtayarishaji tu, akidhani nafasi ya Sunny inamfaa mtu mwenye umri mdogo kuliko wake. Mwishowe akaibeba mwenyewe. Wakumbukeni wazee wetu waliomshabikia Bruce Lee: miaka ya sabini, Wamarekani walipotengeneza tamthilia ya Kung Fu, Lee alikuwa miongoni mwa waliofikiriwa, lakini nafasi ikaenda kwa David Carradine, mzungu, akaigiza mtu mwenye nusu ya damu ya Kichina. Kutoka hapo hadi 2015 ni zaidi ya miaka arobaini. Kijana wangu, hoja yako nimeipokea.

Wapo watazamaji wanaosema kinyume, kwamba ukiondoa mapambano hakibaki kitu: mazungumzo mazito yasiyo na uzito, mabaroni wanaosalitiana leo na kupatana kesho, na wafu wanaorudi. Quinn mwenyewe tulimzika msimu wa kwanza, tukamkuta anatembea msimu wa pili. Sehemu kubwa ya lawama hiyo ni haki. Msimu wa tatu ulirefushwa hadi sehemu 16 na hadithi ikatawanyika, na uamuzi wa kuisitisha tamthilia ulitangazwa kabla sehemu nane za mwisho hazijaonyeshwa.

Jambo jingine limewagusa wasomaji wetu zaidi ya wengine. Katika msimu wa tatu anaingia mtu aitwaye Pilgrim, ameigizwa vizuri sana na Babou Ceesay, Mwingereza mwenye asili ya Gambia. Huyu anahubiri amani, anakusanya wanyonge, anawaahidi nchi mpya, na kumbe anawatumia watoto wenye nguvu za ajabu kama silaha. Msomaji mmoja amechukizwa: kwa nini katika dunia yao ya baadaye mtu wa imani awe daima mlaghai? Ni swali la haki. Hata hivyo nimeona kwamba Pilgrim hadanganyi kwa makusudi. Anaamini kila neno analolisema, na hapo ndipo anapotisha.

Sasa ujumbe ulionifanya niandike yote haya. Mama mmoja ana watoto wawili wa kiume, wa miaka tisa na sita. Mkubwa alikuwa akiitazama tamthilia hii kwenye simu ya mjomba wake. Siku moja alichomoa mpini wa ufagio, akaruka kutoka kwenye kochi, na mpini ukamfikia mdogo wake juu ya jicho. Ameshonwa nyuzi tatu. Mama hakuuliza kama tamthilia ni halali au haramu. Aliuliza, “Je, ni picha zile au ni mtoto wangu?”

Dada yangu, nitakujibu kwa ukweli. Mimi nina kovu kwenye kiwiko tangu nikiwa na umri wa mwanao, na sababu yake ni filamu ya Hong Kong na ukuta wa jirani. Watoto wataruka. Lakini sisi tulitazama mara moja kwa juma, kwa senti tulizotafuta, katika kibanda kilichojaa watu wazima waliocheka na kupiga kelele. Mwanao alikuwa peke yake na simu, chini ya shuka, na pambano analolipenda anaweza kulirudisha mara ishirini kabla ya kulala. Picha ni za aina ile ile. Aliyebadilika ni mtu wa kukaa kando yake.

Nyumbani kwangu aliyenifunza hili ni binti yangu wa miaka kumi na miwili. Kaka yake alileta msimu wa kwanza kwenye flashi, nikasema tutazame pamoja, na kidole changu kikae karibu na kitufe cha kusimamisha. Katika pambano la mvuani Sunny anaangusha kundi zima la watu. Kaka alishangilia. Mimi pia, nakiri. Binti akauliza, “Baba, hao wengine wanaitwa nani?” Nilirudisha picha nyuma kutafuta. Hawana majina. Walikuja kwenye mvua ili waanguke vizuri.

Tangu hapo tuliitazama kwa jicho jingine, na nikaona kwamba tamthilia yenyewe, pamoja na udhaifu wake, nayo inalibeba swali hilo. Sunny anampenda Veil, tabibu, naye anashika mimba iliyokatazwa. Kuanzia hapo mwuaji huyu hodari anakimbia tu: anatafuta mahali ambapo mtoto wake hatajifunza kazi ya baba. Veil anakufa mwisho wa msimu wa pili ili mtoto apone. Katika msimu wa tatu Sunny anatembea na mtoto mgonjwa, akibisha hodi kwa watu aliowadhulumu, kwa sababu wao ndio wanaoweza kumsaidia. Ipo sehemu ambayo kijana wangu, mshangiliaji mkubwa, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema angependa apate dawa bila kupigana. Hakupata bila kupigana. Hii ni tamthilia ya panga.

Mama wa nyuzi tatu amenijulisha kwamba mtoto amepona na simu ya mjomba imewekewa namba ya siri. Mjomba amenuna. Kaka mkubwa anaomba msamaha kila siku kwa kumbebea mdogo wake mkoba wa madrasa, na mdogo ameanza kuutia mawe.

Inshaallah wiki ijayo tutarejea kwenye mahari, maana nako kuna barua tatu zinazoningoja, na moja ni kali.