MPAPAI DUME UNA KOSA GANI?

Leo nimeshika kalamu kuutetea mti usio na mtetezi, yaani mpapai dume.

Huku kwetu Voi, mpapai ukitoa maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, utasikia, "Huo ni dume, kata!" Eti unakunywa maji ya bure. Mjomba wangu, kule chini ya mlima Sagalla, aliikata yake yote minne mwaka 2023, na jirani akamwiga. Basi mipapai jike ikatoa maua tele, na karibu yote yakaanguka chini. (Ndovu hawakupita msimu huo, kwa hivyo tusiwasingizie.) Mapapai hayo ndiyo yaliyokuwa yakinilipia karo. Nilikaa nyumbani wiki tatu, wenzangu wakifanya mitihani.

Tazameni mambo yalivyo. Ua la mpapai jike halina nekta hata tone; dume ndilo lenye kinywaji. Giza linapoingia, nondo wakubwa wenye mrija mrefu huja kunywa kwenye dume, na chavua ikawashika mwilini. Ua la jike nalo ni jeupe vile vile, lanukia, basi nondo anadanganyika, anaingia, anakuta patupu, huyoo anaondoka. Lakini chavua kashaiacha! Sasa ukikata madume yote, nani atakuja kudanganywa mahali pasipo na kinywaji?

Wataalamu Dino Martins na Steven Johnson waliichunguza mipapai ya Bonde la Kerio, na mwaka 2009 wakaandika kwamba shamba lililo karibu na pori hutembelewa zaidi na nondo. Haishangazi, maana viwavi wa nondo hawa hula majani ya mimea ya mwituni. Nasi vichaka tunavifyeka kuchoma makaa!

Najua atatokea mtu aseme tununue mbegu za Solo, ambazo miti yake mingi hubeba ua lenye sehemu zote mbili. Sawa, mwenye pesa na anunue. Sisi wengine tuache angalau dume moja kwa kila majike kumi, na kichaka kidogo mpakani.

Mjomba amepanda miche mingine mwaka huu. Miwili imeanza kutoa vikonyo virefu. Mkewe amelificha panga.