Aliyemuua Rosa Tunakaa Naye Kijiweni

Ndugu msomaji, nina dukuduku na leo nalitoa. Waulize vijana waliosoma Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, nani kamuua Rosa. Hata hujamaliza swali, wanakujibu: Zakaria! Baba mlevi, mkali, mpiga watoto. Mimi nasema jibu hilo tunalipenda kwa sababu moja tu: linatusafisha sisi vijana.

Sikatai, Zakaria ana kesi. Alikamata barua ya Charles kwa binti yake, akampiga vibaya. Kwa Shakespeare, Romeo anakufa kwa kuwa barua haikumfikia. Kule Ukerewe barua ilifika, ikawa balaa. Rosa akatoka nyumbani hajui mwanamume ni kiumbe gani. Lakini jamani, kumnyima mtoto mafunzo ya dunia ni kosa moja, na kumvizia mtoto huyo asiyejua ni kosa jingine kabisa. Hilo la pili halikufanywa na Zakaria.

Na sisi watu wa Morogoro tusijifanye kesi hii ni ya Ukerewe. Riwaya inamleta Rosa huku kwetu, kwenye chuo cha ualimu, na mkuu wa chuo mwenyewe anaingia naye mapenzini. Mtu kakabidhiwa mabinti za watu awalee, naye anapanga foleni! Siku hiyo fimbo ya Zakaria ilikuwa wapi? Ilikuwa mbali, ng'ambo ya ziwa.

Halafu anakuja Charles, kijana wetu msomi, mpole, mchumba. Rosa ameshatulia, anataka ndoa. Charles anagundua kuwa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Sasa nikuulize wewe unayemtetea: umewahi kumuuliza Charles ya kwake iko wapi? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wengine watasema ni malezi tu, baba akiwa mkali binti huharibika. Basi njoo Uluguru. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, mjomba ana sauti yake, na mwali alikuwa akiwekwa ndani na kufundwa na wakubwa. Kama tatizo lote ni baba mkali, basi milimani huku msichana asingeachwa kwa sababu ya bikira. Mbona wanaachwa? Panda Bondwa, shuka Mji Mpya, keti kijiweni usikilize. Kijana anahesabu wasichana aliowapata kama mtu anayehesabu magoli, kisha anamalizia kwa kusema kuwa yeye akioa ataoa "aliyetulia". Huyo ndiye Charles, na anakunywa kahawa pamoja nasi.

Riwaya hii ilipotoka ilipigwa marufuku mashuleni, eti itaharibu wanafunzi. Wakubwa waliona aibu ya Rosa, hawakuona ya mkuu wa chuo. Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, aliipeleka kesi ya baba na binti hadi mbele ya Mungu. Na mimi naona kizimba kile kilikuwa na nafasi nyingine mbili au tatu ambazo bado hazijajazwa.

Kwa hiyo nawageukia ninyi wenzangu mnaoandika kwenye madaftari usiku, mkiota kutoa riwaya kama ninavyoota mimi niliyeishia kidato cha nne. Tuache mtindo wa kumuua msichana ukurasa wa mwisho ili wasomaji wapate fundisho, wakati wanaume wote waliopita kwake wako hai, wameoa, wamepandishwa vyeo. Ukimuua msichana kwenye hadithi yako, waite mashahidi wote. Umwite baba, mwalimu, na mchumba. Na kama kati yao kuna kijana anayefanana na wewe, usimfiche nyuma ya mgongo wa mzee mlevi. Mwache asimame ajibu.