Usimuulize mama kama atalipenda begi lako

SEHEMU YA 1

Wewe ndugu yangu mwenye wazo la bidhaa, hasa unayetaka kuwauzia wajawazito wa Karagwe na Kyerwa kitu chochote, hii nakuandikia wewe. Ni ndefu. Soma yote kabla hujaenda kukopa.

Nimechoka kuona vijana wanakuja siku ya kliniki na karatasi ya maswali. Wanawauliza akina mama, "Je, ungeipenda bidhaa hii? Ungeinunua?" Wanaandika ndiyo, ndiyo, ndiyo, ukurasa mzima, halafu wanaenda kuchukua mkopo. Huo siyo utafiti, jamani. Hizo ni salamu.

Sisi huku Chonyonyo mtu akikuletea kitu chake akauliza kama ni kizuri, unasema kizuri. Ni adabu. Mgeni kapanda pikipiki kutoka Kayanga, kala vumbi njia nzima, halafu umwambie kitu chake hakifai? Bibi yangu hawezi kumkatalia mgeni kwa Kiswahili hata siku moja. Atakataa kwa Kinyambo, mgeni akishaondoka.

Na mbaya zaidi unamuuliza mimi nikiwa nimesimama pembeni na gauni langu jeupe. Huyo mama ananisubiri nimpime presha, nimwandikie kadi. Unadhani atasema hapana? Hata nikimuuliza mimi kama anakunywa vidonge vya kuongeza damu, jibu ni "ndiyo nesi, kila siku". Ndiyo maana sisi hatuishii kwenye ndiyo. Tunapima damu. Tunauliza vimebaki vingapi kwenye pakiti.

SEHEMU YA 2

Mfano. Kuna kijana, jina namhifadhia, aliwaza begi la vifaa vya kujifungulia. Glavu, pamba, kibanio cha kitovu, wembe, mpira wa kutandika, khanga mbili mpya, vyote kwenye begi zuri lenye zipu. Shilingi 45,000. Wazo lenyewe silikatai. Nani aliyefanya kazi wodi ya wazazi asiyemjua mama anayefika usiku mikono mitupu? (Kwa nini mama anunue glavu wakati sera inasema huduma ya mjamzito ni bure, hiyo ni vita nyingine, ina siku yake.)

Kila mama aliyeulizwa alisema atanunua. Mabegi yakaja. Yakakaa dukani mpaka zipu zikashika kutu. Sasa kijana anadaiwa na kikoba, na yule mama wa usiku bado anafika mikono mitupu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Hasara haikuishia kwa mwenye biashara.

Baada ya hapo nikawa nauliza mwenyewe, nikipata nafasi, akina mama walioshajifungua na kupumzika. Siyo mwenye uchungu, tafadhali, tuwe na utu. Sikutaja begi kabisa. Nilisema tu: hivi vitu ulivyokuja navyo, ulivinunua lini? Pamoja au kimoja kimoja? Hela ilitoka wapi? Nani alienda dukani?

Mmoja alinunua glavu siku alipouza mkungu wa ndizi. Mpira alipewa na dada yake aliyejifungua kabla yake. Wembe ulinunuliwa uchungu ukiwa umeshaanza. Khanga? Za zamani, zimeshafuliwa zikalainika, na hataki mpya. Mwingine akaniambia mume alisubiri hela ya kahawa, na kahawa haikusubiri mimba. Mwingine akacheka: begi kubwa likionekana ndani, kila jirani anahesabu miezi yako.

Katika hao niliowauliza sikumpata hata mmoja aliyewahi kutoa 45,000 kwa mkupuo kwa ajili ya vitu hivi. Hata mmoja. Wananunua vipandevipande, kwa miezi, na kile kinachokosekana ndicho kinachonunuliwa usiku kwa kugonga mlango wa duka la jirani. Kwa hiyo labda kilichohitajika ni kifuko kidogo cha glavu na kibanio cha kitovu, kwenye hilo duka linalogongwa usiku. Labda. Hata hilo ningelijaribu kwanza kwa vifuko vitano.

SEHEMU YA 3

Msidhani nesi anajitungia. Vyandarua vyenye dawa unavyoviona leo vina historia yake hapa hapa Tanzania. Mwaka 1997, Kilombero na Ulanga, mradi wa KINET wa watafiti wa Ifakara ulianza kuuza vyandarua na dawa yake. Walikaa na watu kwanza, wakauliza wanavyoielewa homa na mtoto akiugua wanampeleka wapi. Wakakuta kwamba kwa wengi degedege ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa kupeleka kwa mganga, hauna uhusiano na mbu. Sasa fikiria ungeingia kijiji hicho na tangazo la "nunua chandarua, zuia degedege". Nani angekuelewa? Bidhaa yao iliitwa Zuia Mbu. Mbu anayekunyima usingizi kila mtu anamjua. Mwaka 2001 matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet: kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, vyandarua vyenye dawa viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika.

Na M-Pesa, mnayoitumia wote? Jaribio lilianza Kenya Oktoba 2005, Thika na Nairobi, lengo likiwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Wengine waliweka hela asubuhi wakaitoa mwisho wa safari ili wasiibiwe njiani. Wenye jaribio wakatazama hicho watu walichokuwa wanakifanya, na Machi 2007 wakaingia sokoni wakinadi kutuma pesa nyumbani.

SEHEMU YA 4

Najua kuna atakayeniambia: "Nesi, watu hawajui wanachotaka mpaka waonyeshwe." Sawa. Ndiyo sababu nasema usiwaulize wanachotaka! Waulize walichofanya mara ya mwisho. Hicho wanakijua, na kina tarehe na bei.

Usiwaite kwenye kikundi. Mke wa mwenyekiti akisema ndiyo, wote ndiyo. Mfuate mmoja mmoja, nyumbani au shambani, siku isiyo ya kliniki, mimi nikiwa sipo. Muulize na mume, maana mara nyingi hela iko mfukoni mwake na hakuna anayemkumbuka. Muulize na mwenye duka anachogongewa usiku. Soda acha kwanza, ukishamnunulia mtu soda majibu yote yanakuwa matamu.

Bidhaa yako itaje mwisho kabisa. Akisema nzuri, usiandike chochote. Mwambie: "Asante mama. Basi toa 2,000 leo nikushikie, nyingine utamalizia." Utaona uso wake. Akienda ndani akarudi na noti iliyokunjwa, hapo andika. Akisema ngoja nimuulize baba fulani, andika hilo pia, kisha kaa umsubiri huyo baba arudi shamba.