Sauti ya Nani Itatutembeza Mlimani?

Tuliondoka Ndundu saa tisa za usiku, wanafunzi 52 wa kidato cha tatu na walimu watatu, basi zima likinukia mihogo ya kukaanga. Ziara ya masomo kwa shule ya huku Rufiji si jambo dogo. Mzazi anachanga kidogo kidogo kutokana na samaki, ufuta au korosho, na wengi kati ya watoto wale walikuwa hawajawahi kulitia jiji la Dar es Salaam machoni. Tulikuwa tunakwenda kuona chuo kikuu kimoja jijini, ili wajue kinachowasubiri wakikaza buti.

Getini alitupokea kijana wa mwaka wa pili, mchangamfu, mwenye nia njema kabisa. Lakini alikuwa mmoja, nasi tulikuwa zaidi ya hamsini, magari yanapita, na kundi lilipoanza kutembea likarefuka kama mkia wa tiara. Kumi wa mbele walipata maelezo, wa nyuma wakaambulia upepo. Nilikaa nyuma karibu na binti mmoja apendaye historia kuliko wote darasani kwangu. Alikuwa anayasoma majina ya majengo ukutani na kuyaandika kwenye daftari, na chini ya kila jina ameacha mistari mitatu mitupu. Alikuwa anasubiri maelezo yamfikie. Mpaka tunarudi getini, mistari ile ilikuwa bado mitupu.

Ndiyo maana naunga mkono rai kwamba vyuo vyetu viwe na vifaa vya kusikilizia kwa ajili ya wageni. Ni kifaa kidogo cha kuning'iniza shingoni; ukifika kwenye jengo lenye namba 7 unabonyeza 7, nacho kinakueleza masikioni pale ulipo lilijengwa lini, nani alifundisha humo, nini kilitokea. Wazo lenyewe ni la zamani. Jumba la makumbusho la Stedelijk mjini Amsterdam lilijaribu mwaka 1952 kwa mawimbi mafupi ya redio, na wageni wakalazimika kwenda kwa mwendo mmoja kwa sababu wote walisikia jambo moja kwa wakati mmoja. Siku hizi kila mtu anakwenda kwa mwendo wake. Aliyekuwa nyuma ya msafara anasikia sawasawa na aliyekuwa mbele.

Wapo watakaosema vifaa vya nini, wakati kila mtu ana simu: chuo kiweke maelezo kwenye mtandao, mgeni apakue. Kwa mzazi aliyekuja mahafali, sawa, kama ana bando. Lakini mwanafunzi wa sekondari wa shule zetu haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na kwenye ziara anakuja mikono mitupu. Mgeni ambaye chuo kinapaswa kumjali kuliko wote, yaani mtoto anayeamua maisha yake yaelekee wapi, ndiye asiyekuwa na simu. Kwake yeye inahitajika stoo ndogo hapo getini yenye vifaa hamsini au mia vilivyochajiwa, na mtu wa kuvigawa, kuvipokea na kuvifuta. Gharama ipo. Hata hivyo si gharama ya kukishinda chuo chenye karakana za uhandisi na wanafunzi wanaotafuta miradi ya kufanyia kazi.

Hofu nyingine ni nzito zaidi, nami nina hofu hiyohiyo: kifaa hakiulizwi swali. Kikisema kimesema. Mtoto akitaka kujua "Kwa nini?", kinamjibu kwa kimya, naye anabonyeza namba inayofuata. Kwa hiyo chuo kikinunua vifaa ili kimwondoe yule kijana wa mwaka wa pili, kitakuwa kimeharibu. Nchi hii ilikwisha kulitatua jambo hili kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikisha elimu ya afya kwa redio kwa watu wapatao milioni 2, na siri yake haikuwa redio peke yake. Wanakijiji walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, kisha kiongozi wa kikundi akaongoza mazungumzo: sisi hapa kwetu tufanye nini? Sauti ya mbali ilileta maarifa, mtu wa karibu akayafungua. Basi na kijana wetu abaki. Kifaa kimpumzishe koo, naye akae chini ya mti mwisho wa njia, watoto wakimzunguka na maswali waliyoyaokota njiani.

Lakini linaloninyima usingizi ni jingine: humo masikioni asikike nani, na aseme nini?

Chukulia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa ndicho mama wa vyuo vyetu. Maelezo mepesi nayaona kichwani tayari. Chuo kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kikahamia kilimani mwaka 1964. Kikawa chuo kikuu kamili cha taifa tarehe 1 Julai 1970. Huu hapa Ukumbi wa Nkrumah, ule uliochorwa kwenye noti ya shilingi 500 kabla haijaja sarafu. Ile pale maktaba mpya ya mwaka 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China. Yote ni kweli, na yote yanaweza kusomwa kwa sauti tamu ya mtangazaji, na mtoto wa Ndundu asitoke na kitu.

Chuo hiki kina mambo mazito kuliko hayo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani mamia yao. Mgeni asimuliwe na hilo. Chuo kikificha ugomvi wake hakitamfundisha mtoto kufikiri.

Na kuna jambo linalotugusa sisi wa Rufiji moja kwa moja. Mwaka 1968 idara ya historia, enzi za wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokuwa wanaikumbuka Vita ya Majimaji. Kabla ya hapo historia ya vita ile ilitegemea mno maandishi ya Wajerumani. Wazee wakasimulia: jinsi mganga Kinjikitile Ngwale alivyogawa maji ya dawa Ngarambe, jinsi watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, walivyong'oa pamba Julai 1905. Wanafunzi wakaandika, wakaandika na majina ya waliosimulia. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Yaani sehemu ya heshima ya Mlimani katika historia ya Afrika ilitoka midomoni mwa wazee wa huku kwetu.

Basi na wasikike huko Mlimani. Penye idara ya historia, mgeni akibonyeza namba, asimsikie msemaji wa chuo. Amsikie mtu wa Umatumbi, kwa lafudhi yake, akiyasoma maneno ya mzee aliyehojiwa mwaka 1968, na jina la mzee huyo litajwe. Kwenye gereza la zamani la Alcatraz, Marekani, wageni wanasikilizishwa sauti za waliokuwa wafungwa na askari wa humo. Kisiwani Robben, Afrika Kusini, wageni wametembezwa na watu waliofungwa humo wenyewe. Wenzetu walijua kwamba ukuta hausemi mpaka aliyeishi ndani yake aseme. Mlimani kuna redio yake, kuna shule ya uandishi wa habari, kuna TATAKI, taasisi ya Kiswahili, yenye mabingwa wa lugha. Kazi ya studio si tatizo.

Na Kiswahili kiwe namba moja kwenye kifaa hicho, kisiwe tafsiri iliyobandikwa baadaye. Kiingereza kiwepo, na Kifaransa, na Kichina. Ila mtoto wa kidato cha tatu anayehangaika na Kiingereza cha darasani asipewe mtihani mwingine siku aliyokuja kupenda chuo. Kuna mama pia, aliyekuja kumwona mwanawe akivaa joho, ambaye anastahili kuambiwa kwa lugha yake mwanawe alisoma wapi.

Zamani, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alisubiri pantoni hapa mtoni, mafuriko yakizidi analala. Mimi historia ya Majimaji niliisikia kwanza kwenye foleni hiyo, nikiwa mdogo, kwa mzee mmoja aliyekalia gunia la muhogo na aliyeitaja Mohoro kwa kuinyooshea kidole. Daraja limetupunguzia adha, nashukuru. Foleni imekwisha, na wazee wa foleni nao.

Tulipokuwa tunarudi usiku ule niliwasimulia wanafunzi habari hiyo kwenye basi, nikaifikisha hadi tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile aliponyongwa. Yule binti akainua kichwa.

"Mwalimu, alinyongwa Mohoro? Mohoro hii hii yetu?"

"Hii hii."

Alilifungua daftari lake, akafunua ukurasa mpya. Kwa mwanga hafifu wa taa ya basi akaandika juu kabisa: Mohoro, 1905. Chini yake akaacha mistari.