Ukweli wa Picha ya Macheo

Umekwisha kuwa kama sheria miongoni mwa wapenda picha usemi huu: picha isiyoguswa ni ya kweli, na iliyohaririwa ni ya uongo. Husemwa kwa fahari kubwa zaidi juu ya picha za macheo, hasa zile zipigwazo na watu waliolala kambini msituni, wakaamka gizani na kulingoja jua. Chini ya picha huandikwa ya kwamba haikuongezwa rangi wala haikupunguzwa, nasi watazamaji hutakiwa tuipokee kama ushahidi wa mtu mwadilifu. Mimi nasema usemi huu ni mbovu, na ubovu wake hauishii katika sanaa. Unagusa haki za watu.

Natuanze na chombo chenyewe. Asubuhi mwanga wa jua hupita katika hewa nyingi kuliko adhuhuri. Buluu hutawanyika njiani, na wekundu na manjano ndiyo hutufikia. John William Strutt, aliyekuja kuitwa Lord Rayleigh, aliieleza kanuni ya mtawanyiko huo mwaka 1871. Lakini kamera za siku hizi zimeundwa ziuhesabu mwanga mweupe kuwa ndio sawa. Zikiachiwa zichague zenyewe, mara nyingi huuona wekundu wa alfajiri kama doa, zikauosha. Tena jicho la mtu hutoka katika mbingu ing'aayo likaingia katika shina la mti lililo gizani, na huviona vyote viwili. Kamera hupima mara moja kwa kipimo kimoja. Ikiifuata mbingu, msitu huwa makaa. Ikiufuata msitu, mbingu huwa karatasi tupu. Basi picha hiyo isiyoguswa imeguswa. Aliyeigusa ni mhandisi aliyeiunda kamera, ambaye hakuwako msituni siku ile. Mpigapicha arudishaye wekundu alioushuhudia, na kuyatoa gizani majani aliyoyaona, hasemi uongo; anamsahihisha mkalimani aliyekosea.

Wapinzani wangu watauliza: mlango huo ukifunguliwa, nani atamzuia mtu asiipake mbingu damu? Swali lao ni la haki. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua hupanda wima, na mapambazuko yana haraka. Kilimanjaro, mwanga wa kutosha kutambua vitu hutangulia jua kwa dakika 20 hivi. London mwezi wa Juni huzidi dakika 40. Katika upeo ulio wazi, duara la jua letu hutoka lote kwa dakika 2 tu. Anayeuvisha msitu wetu dhahabu nzito ya kaskazini, iliyotuama kana kwamba jua limesahau kupanda, amesema uongo, nami simtetei. Lakini kosa lake ni kusema asichokiona. Kwamba alitumia mkono na programu si kosa.

Mfano maarufu uko Marekani. Mwaka 1944 Ansel Adams alipiga picha ya macheo ya majira ya baridi katika milima ya Sierra Nevada, akiwa Lone Pine, California. Juu ya kilima vijana wa shule ya mji ule walikuwa wameandika herufi mbili kubwa nyeupe, L na P. Adams alizifuta katika negativu. Wapenda picha isiyoguswa humshitaki kwa herufi hizo mbili hata leo. Husahau kwamba katika bonde lile lile, safari zile zile, Adams alikuwa akipiga picha za Manzanar, kambi walimofungwa Wamarekani wa asili ya Kijapani wakati wa vita, na mwaka huo huo wa 1944 akatoa kitabu juu yao. Alifuta herufi, lakini hakuiacha milima imfichie watu. Kati ya matendo hayo mawili, lipi lapasa kupimiwa ukweli wake?

Sasa turudi kwetu. Katika njia ya Lemosho ya Kilimanjaro iko kambi ya msituni iitwayo Mti Mkubwa. Jua lipenyapo kati ya mashina, mpigapicha huliona hema lake likiwaka kama taa. Hatua chache kando yake yako mahema ya wapagazi, ambao watabeba mizigo ya hadi kilo 20. Yuko mpishi na sufuria zake, naye ameamka mapema kuliko mgeni. Mpigapicha husogeza lenzi kiasi cha shibiri, akabana mipaka ya picha, na wote hao hutoweka. Kisha huandika kwa fahari kwamba hakuhariri kitu. Rangi zote ni halali, na watu wote wamefutwa!

Huu ndio uhariri mkuu, nao hufanywa kabla ya kidole kubonyeza. Usidhaniwe kuwa mdogo. Jicho lililozoeshwa pori lisilo na watu huanza kuamini kwamba watu ndio uchafu wa pori. Mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti. Sisemi kwamba picha ndiyo iliyowahamisha; nasema kwamba picha za nchi tupu huwafanya walio mbali waone uhamisho wa namna hiyo kuwa jambo la kawaida.

Kwa hiyo wanafunzi wa sanaa wasiulizwe tena kama wameigusa picha. Waulizwe: rangi hii mliiona? Na kando ya picha hii, nani alikuwa amesimama? Ajibuye la kwanza kwa kweli na kulikwepa la pili bado hajatuonyesha macheo ya kambi ile. Ametuonyesha hema lake.