Kabla ya Tofali la Kwanza: Kwa Wanaoanza Kujenga Nyumba za Kupangisha



Kila msimu wa kahawa unapofungwa, kamati yetu ya msikiti huulizwa swali lilelile baada ya sala ya Ijumaa: nimebakiwa na fedha kidogo, je, ninunue kiwanja Omurushaka au Nkwenda nijenge vyumba vya kupangisha? Walimu, wauguzi, vijana wa bodaboda na wafanyabiashara wa njia ya Murongo wanahitaji pa kulala, na tangu Kyerwa ilipotengwa na Karagwe kuwa wilaya kamili mwaka 2012, watumishi wanaohamishiwa huku wameongezeka. Nia ni njema na haja ipo. Lakini migogoro ya nyumba tunayoombwa kuisuluhisha, mingi chanzo chake ni ardhi iliyo chini ya nyumba, na mingi ilikuwepo kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

Tuanze basi na muuzaji. Katika wilaya zetu kiwanja cha bei nafuu mara nyingi ni kipande kilichokatwa kwenye kibanja cha familia. Anayekuuzia ni kaka mmoja. Baba alifariki miaka mingi iliyopita, mirathi haijagawanywa, dada wameolewa Bukoba na Mwanza na hakuna aliyewauliza. Kwa sheria yetu ya Kiislamu dada hao wana fungu lao lililotajwa ndani ya Qur'ani, na mjane ana lake. Kaka hawezi kuuza asichokimiliki, na mnunuzi aliyelijua hilo akanyamaza hana pa kujifichia mbele ya Allah (SW). Omba kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Ukiisha kuiona, kumbuka kuwa msimamizi si mmiliki: warithi wote watu wazima waitwe, wasikie bei, watie sahihi. Aliye mbali apigiwe simu mbele ya mashahidi, kisha karatasi impelekee sahihi huko aliko. Itakugharimu nauli na wiki mbili au tatu za subira.

Ikiwa muuzaji yu hai na ana ndoa, mke wake naye akae katika kikao hicho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Tumewahi kuombwa kuingilia jambo ambalo mke alijua kuwa ua wake umeuzwa siku mafundi walipofika na kamba za kupimia msingi.

Kuna na suala la ukoo, ambalo wageni wa Kagera hawalijui na wenyeji hulichukulia kwa wepesi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanamke mmoja wa Muleba aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wasia aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alikwenda mahakamani kudai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kuwa mila hiyo ya kumbagua mwanamke haiendani na Katiba. Mwanamke anaweza kuuza kama anavyouza mwanamume. Wengi huishia hapo katika kuisimulia hukumu hii. Sehemu inayomhusu mnunuzi ni ile inayofuata: mpwa alipewa miezi sita ya kulikomboa shamba kwa kurudisha zile 300,000, kwa kuwa mila ya ukoo kukomboa ardhi iliyouzwa kwa mgeni ilibaki kwa wauzaji wote, wake kwa waume. Fikiria umekwisha kupandisha kuta. Mwanafunzi yeyote wa fiqhi atakumbuka hapa mlango wa shufaa, yaani haki ya mshirika kununua fungu la mwenzake kabla ya mtu wa nje. Kwa hiyo waulize wana ukoo mapema kama wanaitaka ardhi hiyo, na jibu lao liandikwe.

Baada ya watu, ofisi. Katika ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, mauziano yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake, ambayo madalali wetu huitukuza kama hati ya Rais, haitoshi. Katika maeneo ya mji yaliyopimwa, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya na namba ya kiwanja mkononi, uliza jina lililoandikwa humo na kama kuna rehani. Mipaka itembelewe kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote nne, mchana, na mahali penye omulamula uliopandwa na wazee aulizwe mzee, asiulizwe dalali.

Sasa fedha. Wapo wanaouza butura, yaani kahawa ingali maua, ili wapate saruji na mabati haraka. Mtume (SAW) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kusalimika, na hekima yake kila mkulima wa Karagwe ameiona kwa macho: mnunuzi wa butura hutoa bei ndogo mno kuliko ya msimu, na mvua ikikosea deni huhamia mwaka unaofuata. Mikopo ya riba nayo hatuna haja ya kuirefushia maneno. Benki zinazofuata utaratibu wa Kiislamu zipo nchini, Amana Bank ikiwa imeanza mwaka 2011, na baadhi ya benki za kawaida zina dirisha la namna hiyo. Anayetaka njia hiyo aulize masharti kabla ya kuweka hati yake rehani. Kwa walio wengi njia ya hapa ndiyo salama: msingi msimu huu, kuta msimu ujao, bati mwaka wa tatu.

Na hesabu ifanywe bila kujipendelea. Tuchukue mfano wa kukisia: vyumba vinne vya shilingi 40,000 kwa mwezi, sawa na 1,920,000 kwa mwaka. Toa miezi miwili vyumba vikiwa vitupu, 320,000. Toa matengenezo, tuseme 200,000. Imebaki 1,400,000. Kama kiwanja na ujenzi vilikugharimu milioni 14, fedha yako itarudi baada ya miaka 10. Si biashara mbaya, ila haifai kwa aliyekopa ada ya shule akitarajia pango la mwezi wa tatu.

Katika kujenga tutasema machache, mafundi wapo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitukuta siku mbili kabla ya Idi, likaangusha nyumba nyingi katika mkoa huu. Usimruhusu fundi kuruka mkanda wa zege juu ya madirisha ili kuokoa mifuko michache ya saruji. Watakaolala chini ya kuta hizo ni watoto wa watu. Weka mifereji ya bati na tangi la mvua tangu mwanzo. Mpangaji asiyebeba maji kutoka bondeni hahami ovyo.

Vyumba vikishakamilika, andikianeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na bado twapangishana kwa mdomo kwa sababu tumesali safu moja. Ijara husihi pale manufaa, muda na ujira vinapojulikana. Ukurasa mmoja unatosha: chumba kipi, kiasi gani, kwa muda gani, nani anatengeneza kitasa kikiharibika, taarifa ya kuhama ni ya siku ngapi. Kudai pango la mwaka mzima kwa mkupuo ni desturi ya mijini inayowaumiza walimu wapya ambao mshahara wao wa kwanza haujaingia. Miezi mitatu inakutosha.

Umeme nao una jambo lake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na katika nyumba za kupangisha anayenunua ni mpangaji. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kiasi ni kidogo kwa mwezi, na pengine kwa udogo wake tumezoea kunyamaza. Sisi tunaona haki ni mwenye nyumba akipunguze kwenye pango, au yeye mwenyewe anunue umeme wa kwanza wa kila mwezi. Kama mita ni moja kwa vyumba vinne, weka mita ndogo kwa kila chumba. Ugomvi wa pasi na jiko la umeme umevunja ujirani mwingi.

Kuhusu zaka, tulioulizwa na akina mama wawili wa Kayanga: nyumba uliyoijenga ili kuipangisha haitolewi zaka kwa thamani yake kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Pango ulilokusanya, likifika nisabu na kupitiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5. Kiwanja ulichokinunua kwa nia ya kukiuza ni mali ya biashara, na hicho hukadiriwa kila mwaka kwa bei ya soko ya siku hiyo, hata kama mnunuzi bado hajapatikana.